Kumi na Tatu ya Kasulu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili mtu asihangaike kumtafuta mjinga katikati ya habari, akaanza kumshuku Dadi mwenye duka, au mke wangu Pelagia, au Evaristi utingo aliyeleta maneno. Hao wote walikuwa na akili zao timamu. Ni mimi niliyekuwa nimekata mkonge Tanga, nikarudi Gwarama na redio na koti la mitumba, nikawatangazia watu kwamba hajazaliwa wa kuniuzia mbuzi kwenye gunia. Kumbe alikuwa amezaliwa zamani, na alikuwa akivaa koti langu.

Tulikuwa na mtoto, Kezia, ndiyo kwanza ameanza shule. Siku moja akichunga mbuzi, tawi la mti wa miiba lilimrudia usoni likamchoma jicho la kushoto. Mwanzoni lilikuwa jekundu tu, tukaliosha kwa maji ya chumvi. Halafu kikatokea kitu cheupe katikati ya mboni, kama tone la maziwa, na kila tulipoamka tone lilikuwa limekua. Felisiani, mganga wa zahanati, alilimulika kwa tochi, akazima tochi, akaitia mfukoni, ndipo akafungua mdomo. Mganga akianza kuficha vyombo kabla ya kusema, ujue la kusema si zuri.

"Hili linataka kupasuliwa," alisema. "Kuna daktari wa macho Bujumbura, kwenye hospitali ya wamisheni. Lakini mwisho wa wiki hii anarudi kwao Ulaya, na sijasikia kama kuna mwingine atakayemfuata. Mkichelewa jicho hili litazimika. Na likizimika moja, la pili nalo huanza kuyumba."

Hospitali ile ilitaka faranga elfu moja na mia tano mkononi kabla mtoto hajalala kitandani. Basi za ng'ambo ya mpaka, kwenda na kurudi, pamoja na chakula chetu, mia tano nyingine. Elfu mbili. Chini ya hapo ungeuona mlango wa daktari kwa nje tu. Na shilingi yetu huko ilikuwa karatasi yenye picha nzuri, haikupokelewa.

Kupata faranga benki kulikuwa na fomu, na fomu zilikuwa na safari yake ya Dar es Salaam. Jicho lisingeweza kuisubiri safari hiyo. Kwa hiyo watu wa huku kwetu tulifanya kama tulivyofanya siku zote: ulinunua faranga dukani, nyuma ya pazia, ukaziweka mahali ambapo mwenye adabu hakupekui. Ukikamatwa, hela inakwenda na wewe unabaki ndani.

Ili kupata hela, Pelagia aliuza ng'ombe wake. Nasema wake kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Baba yake alimkabidhi yule ng'ombe siku tulipompeleka Kezia kwao mara ya kwanza, akiwa bado mchanga, na kwetu ng'ombe wa namna hiyo mume humchungia tu. Maziwa nilikunywa, miiba kwenye kwato nilimtoa, lakini hata mkia wake haukuwa wangu. Pelagia alimkabidhi mnunuzi kamba, akamgeuzia mgongo, akaenda kupalilia maharage hadi jua likazama. Tulipotenga nauli za upande wetu zilibaki shilingi mia tatu, akazifunga kwenye pindo la kitenge.

Tulifika Kibondo mjini asubuhi, na kabla ya kuingia dukani kwa Khatibu alinifungulia pindo lile akanipa hela zote.

"Wewe ndiye unayejua kusema na wenye maduka," aliniambia. "Mimi nimeshika mtoto."

Khatibu alikuwa akipima chumvi. Nikaegemea meza kama mtu aliyekuja kuangalia bei ya sabuni.

"Khatibu, mwakeye," nikamsalimu kwa salamu ya kwetu. "Shilingi inazaa ngapi leo?"

Hivyo ndivyo tulivyouliza Kibondo. Wengi wetu tulivuka mpaka na vishilingi vichache kununua mafuta ya mawese au dagaa, basi hesabu yetu ilianzia kwenye shilingi moja: ukiitoa, inakuzalia faranga ngapi. Kadiri inavyozaa nyingi ndivyo unavyofurahi.

"Saba," alisema Khatibu bila kuinua macho kwenye mizani.

"Saba! Shilingi imekuwa tasa?"

"Shilingi ni nzima. Nyakati ndizo zinazoumwa. Una ngapi?"

"Mia tatu."

"Mia tatu mara saba, elfu mbili na mia moja. Daktari mmemlipa, basi mmepanda, na mia moja ya kumnunulia mtoto mkate. Chukua, Nestori. Kesho huenda ikawa sita."

Ningechukua, na habari hii ingeishia hapa. Lakini nje Evaristi, utingo wa lori la Sylvesta tulilokuwa tusafiri nalo, alikuwa akikaza kamba za turubai, na masikio yake yalikuwa marefu kuliko kamba zile.

"Saba?" akapiga kelele akicheka. "Kasulu jana nimeacha kumi na tatu!"

Kumi na tatu! Karibu mara mbili. Na Kasulu ilikuwa njiani, tungepita hapo tutake tusitake.

Pelagia alinivuta mkono. "Kumi na tatu ngapi kwa ngapi, baba Kezia?"

"Kumi na tatu ni kumi na tatu, mama Kezia."

"Muulize."

"Nimuulize nini? Mtu akikuambia ana watoto kumi na watatu utamuuliza kwa ngapi?"

Evaristi akacheka, na mimi nikafurahi kwamba amecheka. Khatibu akaweka mizani chini.

"Nestori, watu wa Kasulu wanahesabu kivyao. Usiende kwa kusikia namba."

"Kila mwenye duka husema hivyo akiona kisogo cha mteja," nikamjibu, nikatoka na kisogo changu.

Safari nzima nilikuwa juu ya magunia nikitumia hela ambazo sikuwa nazo. Mia tatu mara kumi na tatu, elfu tatu na mia tisa. Ukitoa elfu mbili za daktari, nikamnunulia Kezia viatu, Pelagia nikamnunulia vitenge viwili vya Kongo, na tulipofika Makere nilikuwa nimeshaezeka nyumba kwa bati. Pelagia alikuwa amempakata mtoto, amemfunika uso kwa kanga vumbi lisimwingie jichoni. Kila lori liliporuka kwenye shimo Kezia aliguna, na kila alipoguna Pelagia alinitazama. Mimi nilikuwa juu ya bati langu jipya, sikuona.

Kasulu tulilala uani kwa jamaa. Kulipokucha Sylvesta, dereva wetu, alitueleza mambo kwa kifupi, maana alikuwa mtu wa kutema maneno kama mbegu za chungwa.

"Napakia maharage sokoni. Nikimaliza napiga honi mara moja, ya kuita. Ya pili, ya kuaga. Ya tatu hamtaisikia, nitakuwa njia ya Manyovu. Lori lingine la mpakani sijui lini."

Tukaenda kwa Dadi, ambaye kila mtu alituelekeza kwake kwa kidevu tu, bila kumtaja jina. Barazani mkewe Mwanaamina alikuwa kwenye cherehani, akishona gauni la mtu, na cherehani ile ilikuwa ikilia tiriri-tiriri bila kupumzika. Ndani, Dadi alitupitisha nyuma ya pazia, penye mkeka na marobota ya kaniki. Alikuwa mtu mwembamba, kofia imekaa upande, macho ya kucheka.

"Sikilizeni cherehani," alisema huku akikaa. "Mke wangu akiacha kukanyaga, na sisi tunaacha kila kitu. Mgambo wanapenda sana mtaa huu. Haya, ndugu yangu, hela ya nani?"

"Yangu."

"Yako mwenyewe? Hamna ya mtu mwingine humo ndani?"

Nilicheka. "Bwana Dadi, mimi ni mwanamume mwenye mji wangu. Iwe ya nani tena?"

Nyuma yangu Pelagia alikuwa akirekebisha kitambaa cha jicho la Kezia. Mkono ulisimama, kisha ukaendelea. Mwanamke wa kwetu hamkanushi mumewe mbele ya watu ugenini, na mimi nilikuwa nimelala usingizi mzuri juu ya desturi hiyo.

"Mnauzaje leo?" nikauliza.

"Kumi na tatu."

Moyo ulitaka kupiga vigelegele. Lakini mkonge ulikuwa umenifundisha jambo moja: bei ya kwanza ukiikubali, umemwonyesha mwenzako unapoishi. Nikakunja uso.

"Kumi na tatu haitoshi. Fanya kumi na saba."

Dadi alinitazama. Akaivua kofia, akaichungulia ndani, akaivaa tena.

"Kumi na saba?"

"Umesikia vizuri."

"Ndugu yangu, kumi na saba itakuumiza."

"Itaniumiza mimi au wewe?"

"Wewe."

"Achana na maumivu yangu. Nimetoka mbali, nina haraka, na nina mia tatu taslimu. Kumi na saba, au nakwenda duka la mbele."

"Duka la mbele watakupa hata ishirini," alisema Dadi polepole, na mimi nikaona hiyo ni kejeli ya mtu aliyebanwa. "Mimi sitaki dhambi. Tufanye kumi na nne."

"Kumi na sita, na sishuki hapo hata ukinifunga kamba."

"Baba Kezia..." Pelagia alisema kwa sauti ya chini.

"Mama Kezia, wanaume wanaongea."

Dadi alimtazama mke wangu, akanitazama mimi, akashusha pumzi.

"Haya. Kumi na sita, nisikuvunje moyo. Mashahidi ni hawa. Lete mkono."

Tukashikana mikono. Nikampa mia tatu, akazihesabu, akazitia chini ya mkeka, akaanza kupanga faranga juu ya kitambaa: noti ya mia, na ya mia, na ya mia. Nilikuwa nimejiandaa kwa rundo. Elfu nne na mia nane, nilishazipiga hesabu. Zilipofika noti kumi na nane za mia akaweka ya hamsini, ya ishirini, na sarafu ya tano juu yake kama kifuniko.

"Endelea," nikasema.

"Nimemaliza."

"Umemaliza nini? Hizi ni elfu moja na mia nane sabini na tano."

"Ndiyo hizo hizo. Mia tatu kwa kumi na sita."

"Mia tatu *mara* kumi na sita!"

Dadi akaelewa kabla yangu. Nilimwona akielewa. Kucheka kuliondoka machoni mwake, kukabaki kitu kama huruma, na huruma ya mwenye duka inatisha kuliko ukali wake.

"Mmetoka Kibondo?"

"Gwarama."

"Yooo! Ninyi mnauliza shilingi inazaa ngapi." Akachukua noti moja ya mia akainyoosha mbele yangu. "Huku hatuhesabu hivyo. Sisi tunanunua kwa mabunda, kipimo chetu ni noti hii. Tunasema noti hii ya faranga mia inakugharimu shilingi ngapi. Kumi na tatu ni shilingi kumi na tatu kwa faranga mia. Ungepata elfu mbili na mia tatu na kitu, bei nzuri kuliko ya kwenu. Namba ikipanda, ni wewe unayeliwa."

Nilikaa. Kwa kweli nilikuwa nimekaa tayari, lakini nilikaa tena, nikaenda chini zaidi. Watu wote sokoni Kasulu walikuwa wakiomba wapunguziwe, na mimi nilikuwa nimebembeleza kuibiwa, nikatishia kuondoka kama sitaibiwa vya kutosha.

Pelagia hakuhitaji kufundishwa hesabu. "Zinapungua mia moja na ishirini na tano," alisema. Hakunisemesha mimi. Aliusemesha ule mkeka.

"Rudisha," nikamwambia Dadi. "Rudisha mia tatu yangu."

"Tumeshikana mikono."

"Ulijua ninakosea!"

"Sikujua. Nilidhani una wazimu. Na wazimu wenye hela taslimu mimi siulizi umetoka..."

Cherehani ikanyamaza.

Dadi alivuta robota la kaniki akalitupa juu ya faranga, na Pelagia, kabla sijajua la kufanya, alimwinua Kezia akamkalisha juu ya robota. Pazia likafunguka. Mgambo, kijana mrefu mwenye rungu, akaingiza kichwa halafu mabega.

"Mnashona nini huku nyuma?"

"Tunachagua kaniki," alisema Dadi. "Karibu, afande. Sigara?"

Mgambo akapokea sigara akaiweka sikioni. Macho yake yalizunguka yakatua kwa Kezia.

"Shikamoo," alisema Kezia.

"Marahaba." Halafu uso ukambadilika. "Mtoto gani huyu anamwamkia mtu mzima amekaa? Huko kwenu hamfundishi? Simama, uamkie vizuri."

Kezia alitaka kusimama. Alikuwa mtoto mwenye adabu, na mama yake ndiye aliyemfundisha kusimama. Chini ya robota niliona ncha ya noti, nyembamba kama ukucha, imechungulia karibu na kisigino chake. Mgambo hakuwa mbali nayo zaidi ya hatua moja. Ule ulimi wangu wa Tanga, ambao haukuwahi kukosa la kusema, ulikuwa umelala mdomoni kama samaki mkavu.

Pelagia aliweka mkono begani kwa mtoto. "Msamehe, baba. Akisimama ghafla jicho linamvuta, anaanguka. Tunampeleka kwa daktari." Akainua kitambaa.

Yule kijana aliinama kuangalia. Tone la maziwa lilikuwa limejaa mboni yote. Nadhani alikuwa na mdogo wake mahali fulani, kwa sababu aliondoa rungu kutoka mkono huu akalitia mkono ule, kama halikuwa na mahali pa kukaa.

"Poleni," alisema. "Wahini basi, msikae hapa kuchagua nguo."

Akatoka. Tukasikia viatu vyake barazani, vikasimama, tukasikia akimuuliza Mwanaamina bei ya kushona suruali, na Mwanaamina akimtajia bei ya kumfukuza mtu. Viatu vikaondoka. Tiriri-tiriri ikaanza tena.

Na sokoni, mbali kidogo, honi ya Sylvesta ikalia. Ya kuita.

Tukarudia ugomvi wetu palepale ulipokuwa, ila sasa kwa kunong'ona. Sijui kama umewahi kugombana na mtu kwa kunong'ona. Unatukana kama mtu anayemwombea mgonjwa.

"Nirudishie mia tatu yangu," nikanong'ona.

"Sirudishi."

"Basi nipe kwa kumi na tatu, bei yako mwenyewe uliyoianza."

"Nilianza, ukaikataa. Nikakuambia itakuumiza. Nikashuka hadi kumi na nne, ukapanda hadi kumi na sita. Mimi nilipigana upande wako, ndugu yangu, ukanishinda!"

"Nitamwita yule mgambo."

"Mwite. Mlale pamoja ndani, mimi na wewe, tumalizie hesabu huko. Na mtoto atapelekwa na nani?"

Nikajaribu njia nyingine. "Bwana Dadi, ni jicho la mtoto. Bila elfu mbili hawampokei."

"Namwona mtoto, mimi si kipofu. Lakini nikiwarudishia wote wanaojuta, nitakuwa nauza nini? Mkono ukishashikwa, umeshikwa. Ndiyo sababu nilikuuliza kwanza hela ni ya nani. Nilikuuliza mara mbili. Ukasema yako, wewe ni mwanamume mwenye mji."

Hapo Pelagia alimwinua Kezia kutoka kwenye robota, akamweka kando, akapiga magoti mkekani akimkabili Dadi. Alipiga makofi taratibu, kama wanavyofanya wanawake wetu wakisalimu mtu wa heshima.

"Shemeji Dadi, niruhusu niulize. Kwa nini huwa unauliza hela ya nani?"

"Ni desturi ya duka hili tangu kwa marehemu baba, shemeji. Watu huja na hela za michango, za ndugu, za mayatima. Mtu akifanya mchezo na hela isiyo yake, kisha mwenyewe akaja, mimi hurudisha. Biashara ya mtu na hela yake haivunjiki. Ya mtu na hela ya mwenzake haikuwahi kuwa biashara."

"Vizuri," alisema Pelagia. "Mwenyewe nimekuja."

Dadi akanigeukia. Cherehani nje ilikuwa imepunguza mwendo, si kwa hatari safari hii. Mwanaamina alikuwa akisikiliza.

"Ndugu Nestori," alisema Dadi, "mke anaweza kusema lolote kwa ajili ya mtoto wake. Nitakuamini wewe. Nakuuliza tena. Hela ya nani?"

Ukiambiwa hilo lilikuwa swali jepesi usikubali. Nilikuwa nimejenga jina langu kutoka Gwarama hadi Kibondo kwa kuwatania wanaume waliolishwa na wake zao. Nyuma ya pazia alikuwepo Mwanaamina, na habari ikishamfikia mwanamke mwenye cherehani inavaliwa na mji mzima. Evaristi angeipata, na Evaristi akiipata, lori zima lingeipata, na kila mahali lori linaposimama. Nikamtazama Kezia. Alikuwa ameegemea marobota, jicho zima amelifumba kwa uchovu, na lile bovu limebaki wazi likinitazama bila kuniona.

Honi ikalia. Ya kuaga.

"Ya kwake," nikasema. "Ng'ombe alipewa na baba yake. Mimi nilikuwa mchungaji."

Cherehani ikasimama kabisa. Dadi alijifuta uso kwa kofia. Alikuwa ameshindwa, lakini mwenye duka hashindwi bila kujaribu mlango wa mwisho.

"Sawa. Hela ni yako, shemeji, nakubali. Lakini bei ya kumi na sita ilitoka kwenye mdomo wa mumeo mwenyewe, mbele yako, na wewe ulikuwepo ukinyamaza."

Pelagia alikuwa ameshanyanyuka, mtoto mgongoni, kanga imeshafungwa. Aliunyoosha mkono wake wazi mbele ya Dadi, na neno lililomfanya Dadi aujaze elfu mbili na mia tatu, nasi tukaliwahi lori, lilikuwa hili:

"Basi siku atakapouza ng'ombe wake, muuzie kwa kumi na sita. Huyu alikuwa wangu, na mimi ulinitajia kumi na tatu."